Ukurutu kwa Watoto: Protini za Ngozi Zinaeleza Nini

Mtoto anajikuna usiku kucha. Ngozi ya ndani ya viwiko na nyuma ya magoti imekauka, imekuwa ngumu na nyeusi kuliko kwingine. Majirani husema ni minyoo au uchafu. Mara nyingi huo ni ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Hauambukizi, na hauletwi na uzembe wa mzazi.

Ngozi hufanya kazi kama ukuta wa mawe. Seli ndizo mawe, mafuta ya asili ndiyo saruji. Protini iitwayo filagrini huzikaza seli hizo, kisha huvunjika na kuwa viini vinavyoshika unyevu. Filagrini ikipungua, maji hutoka na vumbi, sabuni na vijidudu huingia. Ndiyo maana vumbi na hewa kavu ya Kitengela, pamoja na maji ya kisima yasiyotoa povu kwa urahisi, huweza kuuzidisha mwasho.

Mwaka 2006, watafiti wa Dundee, Uskoti, na wenzao walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini huongeza sana hatari ya ukurutu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wagonjwa wa Ethiopia uliikuta hitilafu ya aina hiyo kwa nadra mno. Kwa hiyo jeni hiyo pekee haitoshi kueleza ugonjwa. Protini nyingine za kinga ya mwili, hasa interlukini-4 na interlukini-13, huweza kupunguza filagrini hata kwa mtu ambaye jeni yake ni nzima.

Ili kuzichunguza protini hizi, watafiti hubandika utepe wa gundi kwenye ngozi, huubandua pamoja na seli za juu, kisha hupima kilichomo kwa mashine. Hiyo ni kazi ya utafiti. Hospitalini, ukurutu hutambuliwa kwa kuitazama ngozi na kuuliza historia ya mtoto na familia yake.

Kipimo cha damu cha IgE, ambayo pia ni protini, nacho kisitafsiriwe vibaya. Kiwango kikiwa juu, hakithibitishi kwamba chakula fulani ndicho chanzo. Mtoto asinyimwe maziwa au mayai kwa sababu ya jibu hilo pekee. Anaweza kudhoofika bure huku mwasho ukiendelea. Uamuzi huo ufanywe pamoja na daktari.

Wazazi na walezi wanashauriwa:

- Kumwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, kwa sabuni kidogo isiyo na manukato.
- Kumpaka vaselini au mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na kurudia angalau mara moja zaidi kwa siku.
- Kumkata kucha ziwe fupi na kumvisha nguo za pamba.
- Kutotumia krimu za kujichubua wala dawa ya kupaka iliyonunuliwa bila ushauri. Dawa za steroidi husaidia zikitumiwa jinsi mhudumu wa afya alivyoelekeza.

Mtoto akipata homa, usaha, au malengelenge yenye maumivu yanayosambaa haraka, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa dalili nyingine, familia zianzie kituo cha afya kilicho karibu, ambako mtoto atapewa rufaa akihitaji daktari wa ngozi.