Dawa Iliyotoka Udongoni

Mvua ya kwanza inaponyesha Shinyanga baada ya kiangazi kirefu, ardhi hutoa harufu ambayo kila mmoja wetu anaijua. Kwa sehemu kubwa harufu ile hutengenezwa na bakteria wa udongoni waitwao streptomaisesi. Kwa macho hawaonekani, lakini ni hao waliotupatia dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu.

Bakteria hao hutoa kemikali zinazoweza kuua bakteria wengine. Mwaka 1943, huko New Jersey, Marekani, mwanafunzi Albert Schatz aliwapata katika udongo wa shamba lenye samadi nyingi, na pia katika koo la kuku. Kutoka kwao ikapatikana streptomaisini. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa profesa wake, Selman Waksman, peke yake. Sisi wauguzi tunayafahamu mambo ya namna hiyo.

Wauguzi wa umri wetu tumeichoma sana sindano hiyo, kila siku, kwa miezi miwili. Wapo waliovuma masikio na waliopepesuka kama walevi, kwani dawa hiyo huweza kudhuru sikio la ndani. Siku hizi mgonjwa mpya wa kawaida humeza vidonge tu, kwa miezi sita. Hata hivyo udongo bado umo ndani yake: rifampisini, ile inayoufanya mkojo kuwa na rangi ya chungwa (usiogope, si damu), asili yake ni bakteria aliyepatikana katika udongo wa Ufaransa mwaka 1957.

Tunaandika haya kwa ajili ya vijana wetu walioko kwenye maduara ya Nyarugusu, Rwamagasa na Kahama. Anayepasua mwamba au kusaga mawe kwenye karasha huvuta vumbi lenye silika. Vumbi hilo hukaa mapafuni na kudhoofisha zile chembe za mwili zinazopaswa kuwala viini vya kifua kikuu. Ndiyo maana mchimbaji hushikwa na ugonjwa huu kwa urahisi kuliko mkulima.

Akianza dawa, baada ya wiki chache homa hutoweka, chakula kinapanda, anapata nguvu. Kisha inasikika rashi mahali fulani. Anaondoka usiku, na vidonge vyake vinabaki kwetu kabatini.

Hatari yake iko wapi? Mwaka 1947 madaktari wa Uingereza waliwapa wagonjwa 55 streptomaisini peke yake. Wengine 52 walipumzishwa kitandani bila dawa. Katika miezi sita, waliopata dawa walikufa 4 tu, na wasiopata 14. Furaha kubwa! Lakini baada ya miaka mitano, waliokufa walikuwa 32 kati ya wale 55, na 35 kati ya wale 52. Karibu sawa. Viini vichache vilivyokuwa sugu tangu mwanzo vilibaki hai, vikazaana, na sindano haikuviweza tena.

Kwa sababu hiyo leo tunatoa dawa nne pamoja kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi minne: kiini kinachoishinda moja kiuawe na nyingine. Anayekatiza, au anayemeza leo na kuacha kesho, huvipa viini sugu nafasi ya kuzaana. Tena huwakohoa ndani ya kambi, wanakolala watu wanane chumba kimoja, nao huanza ugonjwa wakiwa na viini ambavyo dawa za kawaida haziviui.

Hatumkatazi mtu kutafuta riziki. Ukitaka kuhamia machimbo mengine, pita kwanza kliniki uliyoanzia. Tutakuandikia uhamisho na kukuonyesha kituo kilicho karibu na huko uendako. Dawa ni bure kule kama zilivyo hapa. Na wewe mama unayepika kambini, ukisikia kikohozi kimezidi wiki mbili, mwambie kijana huyo aje apimwe makohozi, na wale anaolala nao waje pia.