‘Tamu’ kwa kinywa cha nani? Kisa cha bia na shemeji wa Kaloleni

Shemeji yangu wa Kaloleni ni mtu wa maneno machache. Jumamosi moja alipitia kwangu akielekea Kitengela kumwona bintiye, nami nikamtolea chupa ndogo ya bia niliyokuwa nimetoka nayo Marekani. Aliigeuzageuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniuliza, “Shemeji, hii ni kali?”

Nami, mtu ninayekula kwa jasho la kufundisha Kiswahili, nikamjibu bila kufikiri mara mbili: “La, hii ni tamu.”

Basi akainywa yote. Saa moja baadaye alisimama kuaga, akashika ukuta, akacheka kidogo, akaelekea kwenye gari. Nilimtazama akijaribu kuingiza ufunguo kwenye tundu la mlango, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mke wangu ndiye aliyewahi kuelewa. Akatoka mbio na kumwambia, “Kaka, lete huo ufunguo.” Alilala kwenye kochi letu hadi asubuhi, na bintiye akasubiri bure huko Kitengela. Nikiiwazia barabara ya Mombasa usiku, malori yakipishana, hadi leo mwili hunisisimka.

Sikumdanganya. Hiyo bia kweli ni tamu. Inaitwa 120 Minute IPA, na hupikwa na kiwanda cha Dogfish Head katika jimbo la Delaware. IPA ni ufupisho wa jina la bia ya Kiingereza iliyohusishwa na safari za meli kwenda India, bia yenye hopsi tele, yaani yale maua ya mmea unaotambaa ambayo huipa bia uchungu wake. Mwasisi wa kiwanda hicho, Sam Calagione, amesimulia mara nyingi jinsi alivyomwona mpishi kwenye runinga akitia pilipili manga kidogo kidogo katika supu, badala ya kuimwaga yote kwa mkupuo. Akajiuliza, mbona hopsi zisitiwe vivyo hivyo? Hii ya dakika 120 huchemshwa kwa saa mbili huku hopsi zikidondoshwa humo muda wote huo.

Mwenyeji wangu aliponimiminia kwa mara ya kwanza, sikuamini kuwa ni bia. Rangi yake ni ya asali ya msituni, na povu lake ni haba. Harufu ilinipeleka kwenye tende, zabibu kavu na sukari nguru, na nyuma yake ganda la chungwa. Ulimini ni nzito, karibu ya kutafuna. Utamu hufika kwanza, uchungu wa hopsi hufuata, kisha kitu kama joto hushuka kifuani na kukaa hapo. Glasi ndogo moja ilinitosha jioni nzima.

Kibandiko chake kimeandikwa kileo cha asilimia 15 hadi 20. Tukichukua asilimia 18, chupa ile ya mililita 355 ina takriban mililita 64 za kileo halisi. Chupa ya Tusker ya nusu lita, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Kwa hiyo shemeji alikunywa Tusker tatu kubwa katika chupa inayojaa kiganjani, tena kwa kasi ya mtu anayekunywa soda. (Tusker yenyewe, kama inavyosimuliwa, ilipewa jina la ndovu aliyemuua mmoja wa waasisi wa kiwanda mnamo 1923. Kwa Mswahili, ambaye tembo wake ni mnyama na pia ni kinywaji, hadithi hiyo ina ladha ya ziada.)

Sasa turudi kwenye neno langu. Kosa lilikuwa wapi?

Kosa lilikuwa kwamba nilijibu swali la mtu wa Pwani kwa Kiswahili cha Nairobi. Kwangu mimi, ‘tamu’ ni sifa ya jumla. Nyama ni tamu ingawa haina hata chembe ya sukari, hadithi ni tamu, sauti ya mwimbaji ni tamu. Nilikuwa nikimwambia kwamba ataifurahia. Lakini Kaloleni ni nchi ya minazi, na kule tembo ni la namna mbili: kuna tembo tamu na kuna tembo kali. Tembo tamu ni maji yaliyogemwa sasa hivi, hayajachacha, na hata mtoto hupewa. Tembo kali ni lile lililokaa. Katika muktadha wa kinywaji, maneno haya mawili ni kinyume kabisa, kama mbichi na mbivu. Kwa hiyo shemeji alipouliza ‘ni kali?’ akajibiwa ‘ni tamu’, alichosikia ni kwamba hapa hakuna ulevi.

Na msamiati huo wa wagema haukuzuka hivi hivi. Umejengwa juu ya jambo ambalo wao huliona kila siku. Maji ya mnazi yakitoka mtini yamejaa sukari. Chachu iliyoko hewani na kwenye vyombo huingia humo mara moja, huila ile sukari, na huacha kileo na gesi. Kadiri saa zinavyosonga ndivyo sukari inavyopungua na kileo kinavyoongezeka. Utamu unashuka, ukali unapanda. Ukilisahau siku kadhaa, bakteria wengine hukigeuza kileo kuwa siki. Kwa mgema, basi, ulimi ndio kipimo. Akionja utamu, anajua kileo bado ni kidogo.

Bia ya Delaware inavunja kanuni hiyo. Mpishi huanza na kimea kingi mno cha shayiri, kisha huiongezea chachu sukari zaidi wakati inaendelea kufanya kazi. Chachu hula, hula, hadi kileo iliyokitengeneza yenyewe kinaizidi nguvu. Inachoka, nyingine inakufa, na sukari iliyobaki haina wa kuila. Hapo unapata kinywaji kilicho tamu kama tembo la asubuhi na kali kuliko tembo la jana. Ulimi wa mgema, ambao umewalinda watu wa Pwani kwa karne nyingi, hapo hauna msaada.

Neno ‘kali’ nalo lina mzigo wake. Kisu ni kikali, jua ni kali, ndimu ni kali, pilipili ni kali, mwalimu ni mkali. Malango ya Nairobi yametuandikia ‘Mbwa Kali’ mpaka wanafunzi wangu hunibishia ninapowaambia ni ‘mbwa mkali’. Vijana nao wameligeuza kuwa sifa, ‘hiyo ngoma ni kali’. Wapo wanaodai kwamba neno moja likibeba yote hayo ni dalili ya umaskini wa lugha. Mimi sikubali, walau si kwa pilipili na pombe. Wataalamu wa fiziolojia wameonyesha kwamba kileo huamsha neva zile zile zinazotambua pilipili na joto la moto. Lile joto la kifuani nililolieleza hapo juu ni jamaa wa karibu wa pilipili. Waswahili waliviita vyote ‘kali’ kabla ya maabara kuthibitisha.

Shida ni pale ‘kali’ inapotumika kama kipimo cha kileo. Ukali ni hisia, na hisia hufichika. Sukari huuficha, barafu huuficha, maji ya matunda huuficha. Tazama vinywaji vya rangi rangi vinavyouzwa mijini siku hizi, vitamu kama juisi. Kijana anaonja, anasema ‘si kali’, anaongeza. Upande wa pili, wapo wauzaji wa chang’aa wanaoongeza ukali kwa kemikali kwa sababu mteja amefunzwa kwamba kali ndiyo bora. Mnamo 2014 makumi ya Wakenya walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wote hao wawili, wa juisi na wa chang’aa, wanaamini ulimi kuhusu jambo ambalo ulimi haulijui.

Nilikuwa na chupa ya pili. Shemeji alipokuja tena, safari hii kwa basi, niliifungua na kuigawa katika vikombe vinne vidogo vya kahawa, mke wangu na jirani wakiwemo. Nikamwomba aionje polepole na aniambie ikoje, bila kutumia ‘tamu’ wala ‘kali’. Mke wangu akanitazama kwa lile jicho la kusema darasa limeanza.

Shemeji alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Imekolea. Halafu inawasha.”

Nimelifikiria jibu hilo wiki nzima. Mchuzi hukolea chumvi, chai hukolea majani, rangi hukolea kwenye nguo. Kukolea hakusemi ladha ni ipi; kunasema kitu kimeingia kwa wingi na kimeenea. ‘Bia iliyokolea kileo’ ni maelezo yanayosimama hata kama kinywaji ni kitamu, kichungu au kichachu. Na ‘kuwasha’ kunabaki na kazi yake ya kueleza lile joto la kooni. Nimeanza kuyatumia hivyo darasani, na mgeni akiniuliza kama kinywaji ni kali, namsomea kwanza asilimia iliyoandikwa kwenye chupa.

Kikombe chake, lakini, alikirudisha kikiwa nusu. Alisema anapendelea mnazi.