Je, wajua pakanga hupika dawa kwa amri ya koo za jeni?

Mgonjwa wa malaria kisiwani Rukuba, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Musoma, hupewa dawa mseto. Kidonge kimoja kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Artemetha hiyo hutengenezwa kutokana na artemisinini, na chimbuko lake ni pakanga ya Kichina, Artemisia annua, iliyowahi kulimwa hata Arusha. Tu Youyou wa China aliongoza kazi ya kuitoa kwenye majani mwanzoni mwa miaka ya 1970, akatunukiwa Nobeli mwaka 2015.

Sugua jani la pakanga. Harufu kali inayobaki vidoleni imetoka kwenye vitezi vidogo mno vilivyotapakaa juu ya jani, kila kimoja kikiwa na seli 10 tu. Humo ndimo dawa inamopikwa, kando na tishu nyingine, kwa kuwa artemisinini ni sumu hata kwa mmea wenyewe.

Upishi huanza na kimeng'enya kiitwacho ADS. Jeni yake haijiwashi: inasubiri protini zinazotokana na koo kubwa za jeni. WRKY1, wa ukoo wa WRKY, hushika mwanzo wa jeni hiyo na kuiamsha. ERF1, ERF2 na ORA, ndugu wa ukoo wa AP2/ERF, nao husukuma kazi hiyo hiyo. Anayenistaajabisha zaidi ni MYC2. Siku za kawaida amebanwa na protini ziitwazo JAZ. Mdudu akitafuna jani, mmea humwaga homoni ya jasmoneti, JAZ huvunjwavunjwa, MYC2 huachiwa, na dawa huongezeka.

Kwa hiyo kiasi cha dawa hubadilika kwa mbegu, umri wa jani na misukosuko iliyolipata, na kikombe cha chai ya pakanga hakina kipimo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria, nami nakubaliana nalo kabisa. Dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa, na usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umeshathibitishwa Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili.

Mwaka 2018 watafiti wa China walichapisha ramani ya jeni zote za pakanga, zaidi ya 60,000. Kwa kuongezea nguvu jeni tatu za njia ya upishi, walipata mimea yenye artemisinini asilimia 3.2 ya uzito wa majani makavu. Pakanga nyingi za kawaida hazifiki hata asilimia 1.