Jembe la Alfajiri na Maana ya Halijoto

Alfajiri ya mwezi wa sita, mkulima wa Goweko, mkoani Tabora, anachukua jembe lililolala ndani usiku kucha. Akishika mpini, hasikii kitu. Akigusa chuma, anaurudisha mkono upesi. Je, chuma kina baridi kuliko mti? La. Vyote vimelala chumba kimoja, na kipimajoto kingeonyesha namba ileile. Ila chuma hulinyonya joto la kiganja haraka, mti hulinyonya polepole. Mkono husikia jinsi joto linavyouhama, haupimi halijoto.

Neno lenyewe linajieleza: hali ya joto. Joto husafiri, kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye ndogo. Halijoto ni hali ya kitu kwa wakati huo, nayo huhesabiwa kwa nyuzi. Chota kikombe cha maji kwenye sufuria inayochemka: mwanzoni halijoto ni moja, lakini sufuria ina joto jingi zaidi la kutoa, ndiyo maana kikombe hupoa kwanza.

Maji nayo hayachemki kwa namba moja kila mahali. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye uwanda wa Tabora, ulio kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, yakachemka kwenye 96 hivi. Ndiyo maana maharage huku huchelewa kuiva. John Speke, aliyepita njia ya misafara na kuondoka Kazeh (Tabora ya leo) kwenda Ziwa Nyanza (Viktoria) mwaka 1858, alikadiria kimo cha ziwa hilo kwa kutia kipimajoto katika maji yanayochemka.

Katika mazungumzo, "joto" peke yake hututosha: leo kuna joto, mtoto ana joto. Pale namba inapoamua, halitoshi. Mkulima wa tumbaku ya mvuke huanza na bani, yaani banda la kukaushia, la nyuzi 35 hivi ili majani yageuke manjano, akamalizia karibu na 70 ili vikonyo vikauke. Akipandisha moto mapema, majani huharibika na jasho la msimu limepotea.

Mtoto ana thamani kuliko bani. Mama aliyetoka kuteka maji ya baridi akimgusa kipaji, atamwona anaungua hata kama ni mzima. Aliyetoka jikoni anaweza asiitambue homa. Namsihi kila mzazi: mkono ukutie shaka tu, kisha kipimajoto kiseme. Kikisoma 37.5 au zaidi kwapani, hiyo ni homa. Mpeleke zahanati akapimwe malaria siku hiyohiyo.