Barua za Wanazuoni na Lugha za Kilosa

Malolo, ndani ya jimbo la Mikumi, inajulikana kwa vitunguu vinavyomwagiliwa kwa mifereji. Kwa mtafiti wa barua za wanazuoni kama mimi inajulikana pia kwa jambo jingine: wilaya yake ya Kilosa, mkoani Morogoro, ina lugha kadhaa zilizopakana, Kisagara, Kividunda na Kikaguru zikiwamo, na sehemu kubwa ya maandishi ya mwanzo kuhusu lugha za ukanda huu haiko Morogoro. Iko Ulaya, na mara nyingi imewekwa jirani na barua za wataalamu wa Kisanskriti, Kichina na Kiarabu.

Ujirani huo una sababu. Katika karne ya 19 taaluma ya lugha za Afrika ilikuwa mpangaji katika nyumba ya wataalamu wa Asia. Berlin ilipofungua Seminari ya Lugha za Mashariki mwaka 1887, Kiswahili kilifundishwa humo pamoja na Kichina, Kijapani na Kiarabu. Chuo cha London tunachokiita SOAS kilianzishwa mwaka 1916 kikiwa cha taaluma za Mashariki tu. Afrika iliingia kwenye jina lake mwaka 1938. Hata Robert Cust, aliyetoa mwaka 1883 kitabu kikubwa cha kuorodhesha lugha za Afrika, alikuwa mtumishi mstaafu wa serikali ya Kiingereza India na katibu wa Jumuiya ya Kifalme ya Asia mjini London. Alikwisha kuzifanyia lugha za Asia kazi ya namna hiyo hiyo. Habari za Afrika alizipata kwa kusoma vitabu na kuandikiana na watu walioko mbali, wengi wao wamishenari.

Mmoja wa wamishenari wa zama hizo aliishi katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Kilosa. Joseph Last, wa shirika la kimishenari la CMS (Church Missionary Society), alikuwa Mamboya mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1885 alichapisha London mkusanyo wa maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48, na mwaka uliofuata sarufi ya Kikaguru. Vitabu hivyo ni vyembamba na vikavu. Neno limewekwa mkabala na neno, na msomaji hapewi hata fununu ya nani aliulizwa, aliketi wapi, alilipwa nini. Kwa maswali hayo inabidi kugeukia barua.

Tuifuate barua moja ya aina hiyo. Inaandikwa Mamboya, inatiwa kwenye furushi na kubebwa kwa miguu na wapagazi au matarishi hadi pwani. Inavuka bahari kwenda Unguja. Pale inasubiri meli ya kupitia Aden na Mfereji wa Suez. Ikifika ofisi ya CMS London, inapigwa tarehe ya kupokelewa na kupewa namba, kisha karani anaitolea muhtasari kwa ajili ya kamati. Utaratibu huo wa namba na muhtasari ulianza mwaka 1880, na mtafiti anayefungua masanduku ya CMS katika Chuo Kikuu cha Birmingham leo anaufaidi sana, kwa sababu tarehe mbili, ya kuandika na ya kupokea, zinamwonyesha barua ilichukua muda gani kufika London.

Lakini muhtasari una hatari yake. Karani alichukua kilichoihusu kamati: fedha, ugonjwa, ugomvi na watawala, idadi ya wanafunzi. Jina la kijana aliyefundisha lugha lingeweza kuachwa, maana halikuhitaji uamuzi. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasiishie kwenye daftari la muhtasari hata kama mwandiko wa barua yenyewe unaumiza macho. Wasome pembezoni, wasome nyuma ya karatasi, waangalie maneno yaliyokatwa. Pale ambapo mwandishi alianza neno la Kikaguru kwa herufi moja, akalifuta na kuanza kwa nyingine, kuna mtu aliyekaa karibu naye na kumsahihisha. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wakaguru kuanzia mwaka 1957, aliyaunganisha masimulizi ya Wakaguru na nyaraka hizi za CMS katika kitabu chake cha mwaka 1982. Kazi yake inaonyesha faida ya kusoma barua huku umesikiliza wenyeji.

Tatizo kubwa la hazina hii ni kwamba inazungumza upande mmoja. Yaliyoandikwa na Mzungu yalihifadhiwa. Aliyoambiwa kwa mdomo yalipita na upepo. Ni pwani ambako wasomi wetu wenyewe walishika kalamu. Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mnakili wa hati, aliandikiana na wataalamu wa Kiswahili Alice Werner na William Hichens, na baadaye akafanya kazi na Ernst Dammann, ambaye karatasi zake ziko Berlin. Aliwanakilia tenzi kwa malipo. Humo msomi Mswahili ana jina, ana mwandiko wake na ana bei yake. Naye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwalimu wa Kiswahili katika seminari ile ya Berlin tangu mwaka 1900, ameacha katika majalada ya serikali ya Ujerumani malalamiko yake mwenyewe, baada ya kuzuiwa kurejea nyumbani akiwa pamoja na mkewe Mjerumani mwaka 1905. Majalada ya namna hii hunigusa kuliko sarufi yoyote, kwa kuwa yanamwonyesha mwalimu wa lugha akiwa mtu mzima mwenye haki anazozidai.

Kwa Kilosa hatuna Kijuma. Tulicho nacho nchini ni majalada ya utawala wa Wajerumani na Waingereza katika Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo maofisa walijaza habari za makabila na mila. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi inayoonyesha lugha hizi zinasemwa wapi. Barua zinaongeza kile ambacho ramani haiwezi kuonyesha: namna maneno yalivyopatikana, na nani alinyamazishwa yalipochapwa.

Bado zipo barua ambazo hazijafika kwenye hifadhi yoyote. Walimu wastaafu, makatekista na watoto wa watemi wa zamani wanazo ndani ya masanduku, na Kilosa ni wilaya inayoyajua mafuriko. Mwenye barua ya namna hiyo asiipeleke ikafunikwe plastiki kwa moto, maana haitafunguka tena. Aiweke kavu, mahali palipoinuka kutoka sakafuni, ndani ya bahasha safi ya karatasi, bila pini za chuma. Bahasha ya awali asiitupe, kwani muhuri wa posta ndio unaotaja mahali na siku. Nyuma ya bahasha hiyo safi, kwa penseli laini, aandike nani alimwandikia nani na kwa lugha gani. Kama ndani mna maneno ya Kisagara au Kividunda, amwite mzee anayeyajua ayasome kwa sauti, arekodi kwa simu, na jina la mzee huyo liandikwe kwenye karatasi itakayokaa pamoja na barua.