Mhusika Bapa na Haki Yake: Kuitazama Upya The A-Team

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha karatasi ya fasihi anaifahamu kauli hii: mhusika fulani ni bapa, kwa hivyo mwandishi ameshindwa kumkuza. Watahiniwa huiandika kwa ujasiri mkubwa, nasi aghalabu huitilia vyema na kusonga mbele. Nakiri kwamba nami niliifunza kwa miaka mingi. Kilichonizindua hakikuwa kitabu cha nadharia bali mchezo wa runinga wa Kimarekani nilioupenda utotoni.

Mchezo wenyewe ni The A-Team. Ulibuniwa na Frank Lupo na Stephen J. Cannell, ukaanza kuonyeshwa na kituo cha NBC mnamo Januari 1983, ukakoma Machi 1987. Sisi watoto wa mtaani tuliupata kwa kanda za video, sebuleni kwa jirani aliyekuwa na mashine, tumebanana sakafuni kama dagaa. Kiingereza chenyewe kilitupita juu ya vichwa, hasa kile cha puani. Hata hivyo, hakuna aliyeuliza nini kinaendelea. Jambo hilo pekee lilifaa kunishtua tangu zamani. Hadithi inayoeleweka na mtoto asiyejua lugha yake inategemea nini hasa?

Hebu tuukumbuke msuko wake. Wanajeshi wanne waliopigana Vietnam waliamriwa na mkubwa wao kuiba fedha katika benki ya Hanoi. Mkubwa huyo akauawa, ushahidi wa amri yake ukapotea, na watatu kati yao wakafungwa kama wezi. Wakatoroka. Tangu hapo wanaishi mafichoni Los Angeles, wakiwatetea wanyonge kwa malipo huku wanajeshi wenzao wakiwawinda. Hannibal Smith (George Peppard) ndiye mpangaji wa mbinu. Templeton Peck (Dirk Benedict) ni mtanashati mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. B.A. Baracus (Mr. T) ni fundi wa magari, pande la mtu, mwenye mikufu ya dhahabu shingoni na hofu kuu ya ndege. Murdock (Dwight Schultz) ni rubani ambaye wenzake humtorosha kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili kila anapohitajika.

Juzijuzi nilipata disiki zake, nikavitazama vipindi vya misimu yote mitano. Kipindi cha kumi kilipokwisha ningeweza kukuandikia cha kumi na moja. Kila mara sauti ileile husimulia kisa cha kufungwa kwao kwa maneno yaleyale, nasi tunaingia katika hadithi kama vile fanani amesema paukwa. Mnyonge anadhulumiwa. Anawatafuta wanne hao, na Hannibal anamjaribu kwanza akiwa amejigeuza sura. Wanakabiliana na wabaya, wanashindwa, wanafungiwa ghalani au karakana penye vyuma chakavu na mitungi ya gesi (wabaya hawa hawajifunzi!). Wanaunda zana kwa takataka hizo, wanavunja ukuta, wanashinda. Hannibal anawasha biri lake na kutabasamu.

Walimu waliosoma kazi ya Vladimir Propp ya 1928 kuhusu ngano za Kirusi watatambua ninakoelekea. Propp alionyesha kwamba wahusika wa ngano hizo hubadilika majina na sura, lakini matendo yao yanafuatana kwa utaratibu mmoja, na akayahesabu kufikia 31. Mtoto aliyekwisha kusikia ngano za mazimwi kwa nyanya yake haihitaji lugha ya The A-Team ili aifuate. Utaratibu anao tayari.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikifunza hekaya za Abunuwasi, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliandika kwamba Abunuwasi habadiliki kwa sababu akibadilika, hadithi ya kesho haitakuwapo. Nilimkata alama mbili. Mwongozo wangu ulisema ubapa ni kasoro, basi. Nikiwa mbele ya runinga nilitambua kwamba mtoto yule alikuwa amegusa kiini cha utanzu. Hekaya, kama mchezo wa mfululizo, huanza upya kila siku. Hannibal akijuta, au B.A. akiizoea ndege, mashine nzima inasimama. E. M. Forster, aliyetupa istilahi hizi mnamo 1927, hakuwadharau wahusika bapa. Aliwasifu kwamba hutambulika mara tu wanapoingia na hukumbukwa kwa urahisi. Sisi ndio tuliogeuza maelezo yake kuwa hukumu.

Ithibati nzuri ni msimu wa tano. Watunzi waliamua kubadilisha mambo. Watatu kati ya wanne hao wanafikishwa mahakamani, kisha wanamtumikia Jenerali Stockwell wa serikali ili wapate msamaha. Wawindwa wakawa watumishi. Msimu huo ulikuwa na vipindi 13 tu na ndio uliokuwa wa mwisho.

Je, hoja hii inautakasa mchezo wote? La. Kuna mambo ambayo utoto ulinificha. Risasi hunyesha kama mvua, magari hubingirika, na wabaya hutambaa nje wakijipangusa vumbi. Mwanamke hana makao: mwanahabari Amy Allen anaondoka katika msimu wa pili, Tawnia Baker anayemrithi anadumu muda mfupi, na baadaye kundi ni la wanaume watupu. B.A., ambaye sisi watoto Weusi tuligombania kuwa yeye katika michezo yetu, ndiye anayetiliwa dawa katika maziwa ili apakiwe ndegeni akiwa usingizini. Tulicheka sana. Safari hii sikucheka, ingawa nakiri bado ndiye mhusika ninayempenda.

Na kuna Vietnam. Ukuta wa kumbukumbu ya wanajeshi waliofia huko ulizinduliwa Washington mnamo Novemba 1982, miezi miwili tu kabla ya mchezo huu kuanza. Taifa lilikuwa bado linatafuta namna ya kuwatazama waliorudi. The A-Team iliwapa watazamaji wanajeshi wanaocheka, wasiouawa wala kuua, na maradhi ya Murdock yakawa kichekesho. Lakini hadithi inapowarudisha Vietnam, Jenerali Fulbright, mmoja wa waliokuwa wakiwawinda, anakufa huko. Katika mchezo ambao kifo ni nadra mno, fomyula inavunjika pale pale ambapo jeraha lilitokea.

Hapa ndipo mwalimu anaweza kumleta Fumo Liyongo. Naye alifungwa, naye akatoroka kwa ujanja wa chombo kidogo: tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na kelele za ngoma zikaficha sauti ya kukereza minyororo. Hannibal angemwonea wivu. Tofauti ni kwamba Liyongo ana kitovu. Anachomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, na kifo hicho ndicho kinachomfanya kuwa shujaa wa mighani na kumtenga na mjanja wa hekaya.

Kwa mtahiniwa, basi, kutaja kwamba mhusika ni bapa ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kueleza ubapa huo unafanya kazi gani katika utanzu husika, na unaficha nini. Katika riwaya inayodai kufuatilia makuzi ya mtu, huenda ukawa kasoro kweli, na hapo mtahiniwa atoe mfano wa tukio ambalo lilipasa kumbadilisha mhusika lakini halikumbadilisha. Katika hekaya, atoe mfano wa jinsi ubapa unavyozaa kichekesho au taharuki. Asiyetoa mfano asipewe alama, hata kama istilahi zake zinang'aa.

Mwanafunzi wangu alikuwa ametoa mifano miwili.