Programu ya Linux Ikikusumbua, Itie Kiraka Mwenyewe

Kijana wa Mariakani, Kilifi, anayesomea kompyuta hujifunza mapema kusakinisha programu za Linux. Kinachofuata, yaani kuifungua programu, kuirekebisha na kuifungasha upya, huachiwa watu wa mbali. Haifai iwe hivyo. Zana za kazi hiyo ni za bure, na kompyuta ya mtumba inatosha.

Kwenye Debian au Ubuntu, anza kwa kusakinisha build-essential. Humo mna kompaila ya gcc, mna dpkg-dev, na mna make, iliyobuniwa na Stuart Feldman mwaka 1976, ambayo hutambua faili zipi zimebadilika ili zijengwe hizo tu. Ongeza quilt, ya kusimamia viraka (faili zinazoorodhesha mabadiliko ya chanzo), na devscripts. Kisha washa hazina za chanzo, zile zinazoanza na deb-src, uandike: apt source hello.

Hello ni kifurushi kidogo kinachofaa kwa mazoezi. Utashushiwa mambo matatu: chanzo cha waandishi wenyewe, nyongeza za Debian, na faili ya .dsc yenye alama za uhakiki. Kama lori litokalo bandarini linavyopimwa kwenye mizani ya Mariakani kabla ya kuendelea na safari, ndivyo kila faili inavyolinganishwa na alama yake. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, kazi husimama.

Sasa andika apt build-dep hello, upate vyote vinavyohitajika kuijenga. Bando lako linaweza kuishia hapo, kwa kuwa kanuni za Debian zinakataza vifurushi vyake vikuu kutegemea intaneti wakati wa kujengwa.

Tuseme unataka programu iseme “Habari, Mariakani!” badala ya “Hello, world!”. Usiguse chanzo kiholela. Ingia kwenye saraka ya chanzo, uelekeze quilt kwenye saraka ya debian/patches, kisha: quilt new salamu.patch, quilt add src/hello.c, hariri faili, umalizie na quilt refresh. Ukikifungua kiraka chako, yaani salamu.patch, utaona mstari wa kale umetanguliwa na alama ya kutoa, na mpya na alama ya kujumlisha. Mistari inayouzunguka ndiyo inayoiwezesha patch, programu ya Larry Wall ya mwaka 1985, kupata mahali pake hata chanzo kikisogea.

Jenga kwa dpkg-buildpackage -us -uc -b. Itagoma! Majaribio yaliyomo bado yanatarajia salamu ya zamani. Usiyazime. Yarekebishe nayo ndani ya kiraka hichohicho, kwani ndiyo yanayomlinda mtumiaji. Kisha andika badiliko lako kwenye debian/changelog kwa amri ya dch iliyomo kwenye devscripts, ujenge tena, upate faili ya .deb.

Kiraka kinachobaki kwenye mashine yako hupotea toleo jipya likija. Kikiwa kinarekebisha kasoro ya kweli, kitume kwa watunzaji wa programu, pamoja na maelezo mafupi ya tatizo na namna ulivyolijaribu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu chanzo kilikuwa wazi na watu walikubali kukifanyia kazi. Chanzo kingali wazi. Walimu wa kompyuta wa Kilifi, wapeni wanafunzi wenu kifurushi kimoja wakijenge wenyewe muhula huu.